Ng'ombe Hachinjwi kwa Barua

Cyangugu, 22 Februari 2004

Shangazi yangu Védastine,

Pokea salamu zetu, na uzipokee umekaa, maana ni nyingi. Huku wote wazima. Nyogokuru, mama yako, mguu umempunguzia maumivu, na sasa anateremka mwenyewe shambani Mururu kutukana magugu. Maharage yameshika vizuri. Jirani yetu Concessa amenunua simu ya mkononi na amekuwa posta ya kilima kizima. Namba yake nimekuandikia mgongoni mwa bahasha, ila ujue kwamba anasikiliza.

Sasa neno lenyewe. Maman Marguerite alifika salama kutoka huko kwenu na mkoba ukafika. Nilikuta kompyuta imefungwa ndani ya sweta la kijani la mwanao Izabayo, lile analovaa kwenye picha ya theluji. Nilikaa chini sakafuni, Shangazi, nikacheka peke yangu. Ndiyo hayo, kutoa ni moyo. Sweta nalo nimepewa, au alilisahau? Asije akatetemeka huko kwa ajili yangu.

Kwetu aliyepewa ng'ombe hasemi asante akaenda zake. Anarudi kwa aliyemgawia kueleza mnyama alivyo, anavyokula, maziwa yake na hata mateke yake. Basi nakueleza, nawe umfikishie Izabayo. Nimempa jina Gitare, kwa sababu ya rangi yake ya majivu meupe, na kwa sababu babu alikuwa na Gitare kabla ya kukimbia mwaka wa hamsini na tisa.

Gitare ni mdogo. Ukimfunga ana ukubwa wa daftari la shule, na uzito wake haufiki paketi mbili za sukari. Namtia kwenye kikapu chini ya kitenge, nateremka naye hadi kwenye chumba changu cha kuchapa karibu na mpaka wa Rusizi I, na hakuna anayejua nimebeba nini. Kioo chake kinaonekana vizuri kivulini, lakini juani naona uso wangu tu. Betri inatembea saa moja na robo, na kwa umeme wetu huu wa kuja na kuondoka, hiyo ni saa moja na robo ambayo jirani zangu hawana. Hana mahali pa kuingiza disketi. Tumbo lake la disketi liko nje, limeshikwa na waya, na wachuuzi wanaokuja kuchapisha karatasi za mizigo wanaliogopa.

Mateke yake: herufi zimebanana. Vidole vyangu vimezoea taipureta ya marehemu baba, ile ambayo Izabayo aliipiga kwa vidole viwili kama anayedonoa mtama. Nikigusa moja zinaandikika mbili. Wiki iliyopita nilichapa kadi ya harusi yenye bibi harusi wawili.

Mwambie Izabayo nimepokea ng'ombe wake, na kwamba ndama wa kwanza ni wake, ndiyo desturi. Aniandikie mwenyewe. Miaka inapita sijaona mwandiko wake.

Mtoto wako,
Mutoni


Namur, 21 Machi 2004

Mwanangu Mutoni,

Amani iwe kwenu. Nimesoma barua yako nikiwa kwenye treni ya kwenda kazini, nikacheka harusi ya bibi harusi wawili mpaka mzee mmoja Mbelgiji akahamia kiti kingine. Huku baridi haijaisha. Wazee ninaowaogesha wanakufa mmoja mmoja wakati huu wa mwaka, na wanaobaki wananiuliza kila asubuhi jina langu. Mimi mzima. Mgongo tu.

Nimefurahi kwamba mama anatembea. Asiteremke mvua ikinyesha, kile kilima cha Mururu kinateleza, na yeye atajifanya msichana.

Izabayo anakusalimu. Anasema herufi zilizobanana utazizoea kwa mwezi mmoja, ukate kucha. Anasema betri usiiache ndani wakati umeme upo, itaharibika. Sweta ni lako, hapa anayo mengine.

Neno moja. Humo ndani kuna folda yenye jina lake. Usiifungue. Mengine yote tumia upendavyo, ni yako, lakini hiyo iache kama ilivyo.

Nimeweka picha ya bustani ya hapa mtaani. Yule kwenye benchi ni mimi, ingawa sionekani. Mbusu mama mashavu yote mawili.

Shangazi yako,
Védastine


Cyangugu, 18 Aprili 2004

Shangazi mpendwa,

Barua yako imefika katikati ya wiki ya maombolezo, nyumba imejaa watu waliokuja kukumbuka waliowapoteza, nami nikaisomea jikoni. Tumshukuru Mungu, wiki hiyo imepita na kila mtu amerudi kwake. Nyogokuru alikataa kukaa kwenye kiti siku zote saba. Umemwambia asiteremke mvuani, nami nilimfikishia, akasema wewe uje umfunge kamba.

Kucha nimekata. Izabayo alisema kweli, vidole vimezoea. Folda yake sijaigusa. Naiona kila siku pale pembeni ya kioo, naipita kama unavyopita mlango wa chumba cha mgeni aliyelala.

Lakini ng'ombe ana ugonjwa, na sina budi kuueleza. Amekuwa mzito. Nikifungua karatasi mbili kwa pamoja anasimama kufikiri, mchuuzi naye amesimama mlangoni na magari yanapiga honi kwenye daraja. Na tangu Pasaka anagonga. Ndani yake, upande wa kushoto, kuna kitu kinachogonga tik, tik, halafu kimya, halafu tik.

Nimevuka mpaka nikampeleka Bukavu, mtaa wa Kadutu, kwa fundi anayeitwa Mukengere. Ni Mushi, kabila la wenyeji wa huko, mtu mzima, ana kofia ambayo haivui hata akila. Akamgeuza Gitare tumbo juu, akamsikiliza kama daktari. Akanieleza mambo mawili. Uzito unatokana na kumbukumbu ndogo. Ana megabaiti sitini na nne, na chini ya tumbo kuna nafasi moja tupu ya kuongeza kibanzi cha mia na ishirini na nane, haikubali zaidi ya hapo. Hilo ni rahisi. Kinachogonga ni diski, na diski inakufa. Kuna njia mbili: kuifuta yote na kuipanga upya, huenda ikatembea mwaka mmoja, au kuagiza mpya yenye nafasi mara tatu, ile ya zamani akabaki nayo kwa vipuri. Kwa njia zote mbili vilivyomo vitapotea, isipokuwa mwenyewe aseme kipi kihamishwe kabla haijazimika kabisa.

Unajua desturi, Shangazi. Ng'ombe wa kugawiwa humuuzi, humchinji, wala humtoi damu kabla ya kumwambia aliyekupa. Mukengere nilipomweleza hivyo hakucheka. Kwao pia ng'ombe hutolewa namna hiyo. Kwa hiyo namuuliza Izabayo: nifanye nini na vitu vyake? Kipi kibaki? Nataka jibu lake mwenyewe, hata mstari mmoja, kwa mkono wake.

Nakungoja.

Mutoni


Namur, 9 Mei 2004

Mutoni,

Salamu. Mimi mzima, nawaombea nanyi muwe wazima. Barua yako nimeipata.

Izabayo anasema futa vyote. Humo hamna anachokihitaji. Hawezi kuandika kwa sasa, mkono unamsumbua. Fundi afanye kazi yake, nawe uendelee na yako, usiweke wateja mlangoni kwa sababu yetu.

Mvua imerudi hapa.

Védastine


Namur, 17 Mei 2004

Mutoni, usifute.

Kama barua hii imemtangulia yule fundi, usifute, nakusihi. Nisamehe sijasalimu. Nitasalimu mwishoni kama nitaweza.

Izabayo amefariki. Ni tarehe sita Novemba mwaka jana, saa nne asubuhi, nimemshika mguu kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na mipira ya dawa. Figo. Alikuwa mgonjwa miaka miwili. Nilitaka kumpa moja yangu, wakanipima, wakasema damu zetu hazipatani. Nimembeba tumboni miezi tisa, na wananiambia damu hazipatani.

Nimekudanganya katika kila salamu niliyoandika kwa jina lake. Mambo ya betri na kucha nilimuuliza kijana wa dukani. Unajua kwetu kifo hakitumwi kwa posta. Mtu mzima anakuja, anakaribishwa, anakaa, ndipo anasema. Nilisema nitakuja mwenyewe kumwambia mama, maana huyu ndiye mjukuu aliyemlea mgongoni. Krismasi ikapita, tiketi ikanishinda, Pasaka ikapita, na uongo ukawa na mazoea. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeficha kifo chenyewe, kimeniumbua vilevile.

Kwamba mashine iende kwako, hilo alilisema yeye. Katika yote niliyokuandikia, ni hilo tu lenye ukweli. Folda yake sijawahi kuifungua. Niliogopa nikute kitu. Ukauliza kipi kibaki, na mimi mama yake sijui hata kilichomo, ndipo nikakasirika, nikaandika ufute vyote, nikafikiri vikishafutika nitapumzika. Niliposikia barua ikianguka ndani ya sanduku la posta nilitaka kuingiza mkono kuitoa.

Siku ya pili nilipiga simu kwa Concessa ili nikuzuie. Wewe ulikuwa kazini, akamwita mama. Nikasikia "allô" yake, ile ya kupiga kelele kana kwamba Ulaya iko ng'ambo ya bonde. Neno hili la kifo chake sijawahi kulitamka kwa sauti, Mutoni, hata kwa padri. Nikamuuliza kama maharage yamekomaa. Akasema yamekomaa. Nikakata.

Folda uifungue wewe. Mimi siwezi. Kama bado ipo.

Salamu kwenu nyote.

Shangazi yako


Cyangugu, 30 Mei 2004

Shangazi mpendwa,

Naandika haraka, uone kwa mwandiko. Sisi wazima, hilo lijue kwanza, maana bila shaka mmeona Bukavu kwenye televisheni. Tangu Jumatano ni risasi. Kutoka dirishani kwangu nasikia kila mlio, na watu wanavuka Rusizi I wakiwa na magodoro kichwani, wengine wamebeba sufuria ikiwa bado na maharage ya moto. Nyumbani Mururu tuna wageni kumi na mmoja. Nyogokuru amewapanga kwa urefu kama viatu, na anapika mwenyewe. Anasema uliwahi kumpigia simu kutoka Ulaya kumuuliza maharage tu, na tangu siku hiyo ananitazama sana.

Barua yako ya tarehe tisa niliipata Jumatatu. Uliandika nifute vyote, nikatii. Jumanne asubuhi nilivuka na Gitare nikamwachia Mukengere huko Kadutu, nikamwambia kibali kimetoka, afute, aongeze kumbukumbu, nitarudi Alhamisi. Jumatano vita vikaanza. Sasa daraja halipitiki kwenda kule, na simu ya Mukengere haiiti hata kidogo. Watu waliotoka Kadutu wanasema maduka yamevunjwa, wenye bunduki wanachukua redio, simu, baiskeli, chochote chenye waya.

Sijui kama Gitare yupo. Sijui kama amekwisha kufutwa. Nimekaa hapa na taipureta ya baba, nawachapia watu orodha za ndugu wanaowatafuta, na kila nikigonga herufi najilaumu. Ningengoja siku moja tu. Haraka ya nini?

Shangazi, samahani. Mwambie Izabayo samahani.

Mutoni


Namur, 20 Juni 2004

Mwanangu,

Nimepokea barua yako jana. Asante Mungu mpo. Nilikaa siku sita mbele ya televisheni nikitafuta nyuso kwenye daraja. Nilimwona mwanamke mwenye kikapu na kitenge cha bluu nikaita jina lako, na wazee wangu wote wakageuka.

Naona ulikuwa hujapata barua yangu ya tarehe kumi na saba Mei. Huenda umeipata sasa. Kama umeipata, unajua. Kama hujaipata, usimwombe Izabayo samahani, na usiniulize kwa nini. Ingoje ifike.

Wewe hukukosea. Mimi niliandika, wewe ukatii, ndivyo nilivyowalea. Mashine ni chuma. Waliopoteza watu wiki ile watanicheka mimi nikililia chuma. Najiambia hivyo ninapopanda treni, na ninaposhuka nimekwisha kusahau nilichojiambia.

Nimepata tiketi. Nitafika Kigali tarehe tatu Agosti, na Cyangugu kesho yake kwa basi. Nitamwambia mama mwenyewe, kama ilivyo desturi. Hadi siku hiyo mlindie masikio.

Ombi langu ni moja. Ukijua habari ya diski, niandikie kabla sijasafiri. Kama imefutwa, sema imefutwa, nimalize kulia huku, nisije kulia mara mbili mbele yake.

Védastine


Cyangugu, 11 Julai 2004

Shangazi yangu, mama Izabayo,

Ni mara ya kwanza nakuita hivyo katika barua. Pole. Pole ya mikono miwili. Barua yako ya Mei ilifika tarehe kumi na tisa Juni, bahasha imelowa, na ile ya pili nimeipata juzi.

Huku wote wazima. Wageni wetu wamerudi kwao isipokuwa bibi mmoja ambaye Nyogokuru amemkatalia kuondoka, wamekuwa marafiki wa kusengenya. Mvua imekwisha, tunavuna.

Nikwambie ukweli wangu nami. Nilijua tangu Februari. Mtu hatoi mashine yake ikiwa imefungwa ndani ya sweta lake katikati ya baridi. Na siku ya kwanza nilipomwasha Gitare alinionyesha orodha ya karatasi zilizofunguliwa mwisho, na ya mwisho kabisa ilikuwa ya Oktoba. Niliendelea kumsalimu Izabayo, na kuomba mstari wa mkono wake ili nikufungulie mlango wa kusema, kwa sababu nilikuona umebeba mzigo mzito, nikataka nikushikie upande mmoja, basi. Ulipoandika nifute, nikasema mama ndiye mwenye ng'ombe sasa, akisema achinjwe nachinja. Hapo ndipo nilipokosa, kwa maana ningekuuliza mara ya pili.

Sasa sikiliza. Mpaka ulifunguliwa wiki iliyopita. Nilivuka siku ya kwanza, Jumamosi, nikapanda Kadutu kwa miguu. Duka la Mukengere halina mlango. Hata meza walichukua. Nikasimama pale nikalia, sikuona aibu, wala hakuna aliyenishangaa, mtaa wote ulikuwa na watu waliosimama hivyo. Mwanamke anayeuza unga wa muhogo hapo pembeni akanishika mkono, akaniuliza mimi ndiye dada wa ng'ombe? Nikasema ndiyo. Akanipeleka nyuma, kwenye nyumba ya fundi.

Mukengere alikuwa anakula, amevaa kofia yake. Hakusalimu. Aliinuka akaenda jikoni, akarudi na sufuria kubwa ya kusongea bugali imejaa unga, akaingiza mikono hadi viwiko, akamtoa Gitare amefungwa ndani ya mifuko mitatu ya plastiki. Wenye bunduki waliingia humo mara mbili, wakabeba hata pasi ya mkaa, lakini unga hawakuutaka.

Nikamuuliza kwa sauti ndogo kama alikwisha kufuta. Akanitazama kama nimemtukania ukoo.

"Nani aliandika ile barua ya kusema tufute, mwenyewe?" akasema.

Nikamwambia hapana, mama yake.

"Nilijua. Ngombe ya batu habaichinjake juu ya barua ya muntu mwingine. Mwenyewe aseme na kinywa yake."

Jumanne ile, nilipotoka tu, alimweka Gitare kando akiwa mzima, akisubiri Alhamisi nirudi aniulize vizuri. Kwa hiyo hajafutwa, Shangazi. Hajafutwa hata neno. Ningekuandikia hilo kwenye mstari wa kwanza, lakini nilitaka ulipate kwa mpangilio, kama nilivyolipata mimi.

Nikamwambia Mukengere mwenyewe hawezi kusema, amekufa. Akaacha kutafuna. Nikamwambia mama yake ameniruhusu kufungua folda. Tukamwasha Gitare hapo hapo juu ya gunia, anagonga, tik, tik, fundi amefunga mikono kama yuko kanisani. Folda ilikuwa na kazi zake za chuo, picha zako umelala kwenye kiti cha hospitali mdomo wazi, na karatasi moja yenye jina Kwa Atakayempokea. Ni ya tarehe 29 Oktoba. Niliisoma kwa sauti, na hapa nakunakilia jinsi ilivyo:

"Mutoni, najua ni wewe, maana nimemwambia mama, na mama akisahau vyote hili hatalisahau. Sasa usianze kulia, nina mambo ya maana ya kukueleza. Mashine hii ni nzuri kwa safari na mbaya kwa subira. Ni nyepesi, naiweka kifuani nikiwa nimelala. Betri ni mwongo. Ikikwambia nusu saa, hesabu dakika kumi, uhifadhi kazi yako. Herufi ya E inashika ukiwa na vidole vyenye sukari, usiniulize nilijuaje, mgonjwa wa figo hali sukari ya wengine. Chini kuna kimlango chenye skrubu moja, ongeza kumbukumbu ya mia na ishirini na nane, itakimbia kama mbuzi. Usiogope kuifungua.

Diski imegonga mara mbili wiki hii, kisha ikaacha, lakini itarudia. Ninyi huko mtaitunza kwa heshima, mtaiogopa, mtaniomba ruhusa, nawajua. Ruhusa hii hapa. Itoeni, wekeni mpya. Mimi wamenipima wakakosa cha kuniwekea, lakini huyu vipuri vyake vipo, asife kwa sababu ya adabu zenu. Msinitunze ndani ya kitu kinachogonga.

Ukitaka kunirudishia ndama, usimtume huku, hatanikuta. Mpe mama. Iwe barua ndefu iliyochapwa vizuri, maana miwani yake ya karibu imevunjika na hataki kusema. Na umwambie nilimwona usiku ule alipoiba mkate wangu wa hospitali. Nilimwachia makusudi."

Nilipomaliza, Mukengere alivua kofia. Ana upara, Shangazi, nilikuwa sijui. Akaiweka juu ya goti, akakaa.

"Sasa ndiyo mwenyewe amesema," akasema, akanyoosha mkono kuchukua bisibisi.

Alifanya kazi siku mbili. Diski mpya aliipata kwa mwenzake aliyekuwa ameificha kwenye paa. Alihamisha folda yote kwanza, akanionyesha kila picha ili nihakikishe, ndipo akaizima ya zamani. Kumbukumbu ameongeza. Gitare sasa anafungua karatasi nne bila kufikiri, na hagongi. Wateja wa darajani wanalalamika kwamba namaliza kazi kabla hawajapumzika. Ana unga kidogo kati ya herufi, fundi anasema utatoka wenyewe. Diski ya zamani hakubaki nayo. Nimeifunga ndani ya sweta la kijani, iko sandukuni kwangu, utaikuta.

Umeona kwamba barua hii imechapwa, na kwa herufi kubwa. Ni kitu cha kwanza kuandikwa kwenye diski mpya. Sikukubali mchuuzi yeyote aitangulie, hata yule mwenye lori. Kwa hiyo shika kwa mikono miwili, Shangazi, huyu ni ndama wako.

Nyogokuru nimemlindia masikio kama ulivyoagiza. Sikumwambia lolote. Jana nilimwambia tu kwamba utafika tarehe nne Agosti, nikamuuliza godoro lipi litandikwe. Aliuliza kama unakuja peke yako. Nikasema ndiyo. Alichambua maharage yaliyobaki kwenye ungo, yote, taratibu, kisha akasema nisitandike chumba cha wageni. Utalala kitandani kwake, upande wa ukutani, pale alipokuwa akimlaza Izabayo.

Mtoto wako,
Mutoni